Binti yangu anajua Kiswahili tu, Kihaya nimpeje?

SWALI: Mimi ni Mhaya wa Muleba, mume wangu ni Msambaa wa Lushoto, na tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Binti yetu ana miaka miwili na miezi mitatu, na akifikisha mitatu ataanza chekechea ya Kiingereza. Natamani ajue Kihaya, lakini nesi wa kliniki aliniambia mtoto ana maneno machache, nisimchanganye na kilugha. Mama mkwe naye anasema nataka kumgeuza mjukuu wake kuwa Mhaya. Kihaya changu chenyewe kimeingiliwa na Kiswahili, na nikimsemesha mara moja moja ananijibu kwa Kiswahili. Nimeshachelewa? Na kama bado, nifanyeje?

JIBU: Dada, hujachelewa. Umri wa binti yako ni mzuri sana kwa kazi hii. Ila hiyo "mara moja moja" haitakufikisha popote. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na huenda ukakushangaza ukitoka kwa mtu anayekula kwa kufundisha Kiswahili: acha kumsemesha mtoto wako Kiswahili. Kiswahili hakihitaji msaada wako. Atakipata kwa baba yake, kwa dada wa kazi, kwa watoto wa jirani, dukani, kanisani na kwenye televisheni, utake usitake. Sijaona mtoto wa Dar aliyekosa Kiswahili kwa sababu mama yake alimsemesha Kihaya. Wasiojua hata kumwamkia bibi yao kwa lugha ya bibi, hao nimewaona wengi, na mama zao wote walikuwa na nia njema kama yako.

Tuanze na la nesi, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Mtoto hachanganyikiwi kwa kusikia lugha mbili. Watoto wa Kagera, Kilimanjaro, Mbeya na Usambaa wamekuwa wakikua na lugha mbili vizazi kwa vizazi, na mipakani hukua na tatu. Kinachowasumbua watu ni hesabu. Mtoto wa lugha mbili hugawa maneno yake: ya kuoga na kula anayo katika lugha ya mama, ya mpira na ugomvi anayo katika lugha ya wenzake. Ukimpima kwa lugha moja, umempima nusu. Wataalamu wa lugha ya watoto hutarajia mtoto wa miaka miwili awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuyaunganisha mawili mawili, kama "mama njoo" au "maji hapana". Hayo huhesabiwa kwa lugha zote kwa pamoja. Kaa naye jioni mbili tatu uandike kila neno analolitumia mwenyewe bila kuambiwa, hata kama matamshi bado ya kitoto, halafu uende nayo kliniki.

Ikiwa hata kwa hesabu hiyo maneno ni machache mno, au hageuki ukimwita kutoka nyuma, mpeleke akapimwe masikio. Muhimbili wana huduma hiyo. Lakini elewa kwamba tatizo la usikivu au la usemi hujitokeza katika kila lugha ya mtoto, na kumwondolea moja hakuliponyi.

Utamsikia akichanganya, hilo litegemee. Siku moja atakuonyesha kuku uani na kusema "enkuku". Sikiliza alichokifanya: mwanzo ameutoa kwenye enkoko ya Kihaya, shina amelitoa kwenye kuku wa Kiswahili. Mtoto aliyechanganyikiwa hawezi kuunda neno la namna hiyo. Ameshagundua kwamba kwa mama majina huanza kwa irabu, na sasa anaijaribu kanuni. Utasikia pia "koko" bila mwanzo wowote, na hilo ni la kawaida. Mtafiti Katherine Demuth, aliyewachunguza watoto wanaojifunza Kisotho cha Lesotho, alikuta hatua hizohizo: kwanza mtoto huacha kiambishi cha ngeli, kisha huweka kivuli chake, yaani sauti hafifu tu mahali pake, kisha hukikamilisha, na upatanisho wa ngeli anaumudu mapema bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo usimsahihishe. Mrudishie tu neno zima ndani ya sentensi yako, mwendelee.

Sasa nikueleze kwa nini nakutaka uwe mkali juu ya Kiswahili chako mwenyewe. Mwaka 2007 mtafiti Annick De Houwer alichapisha matokeo ya familia 1,899 za Flanders, Ubelgiji, ambako lugha ya shule na ya mtaani ni Kiholanzi. Zote zilikuwa na angalau mzazi mmoja mwenye lugha nyingine. Kiholanzi hakikuwa shida kwa watoto hao, ila karibu robo yao hawakuwa wakiisema lugha ya pili ya nyumbani. Alipozipanga familia kwa namna wazazi wanavyoongea, picha ikawa wazi. Pale ambapo mzazi mmoja alitumia lugha ndogo, yaani ile isiyo Kiholanzi, peke yake na mwenzake Kiholanzi peke yake, takribani robo tatu ya watoto waliisema lugha ndogo. Lakini pale ambapo mzazi mmoja alichanganya zote mbili na mwenzake akawa wa Kiholanzi tu, waliofanikiwa walizidi theluthi moja kwa kiasi kidogo tu.

Jitazame katika kundi hilo la mwisho, maana ndimo ulimo leo. Mumeo ni Kiswahili tupu, wewe ni Kiswahili na Kihaya kidogo. Tabata si Flanders, na Kiswahili na Kihaya ni ndugu wa karibu kuliko, tuseme, Kiholanzi na Kituruki, lakini mwelekeo ni huohuo ninaouona kwenye familia za hapa. Ukivuka na kuwa mama wa Kihaya mbele ya mtoto, umehamia kundi lenye nafasi maradufu. Na uone pia kwamba hata humo robo moja walishindwa. Ndiyo maana nitakuambia na mengine.

Najua kinachokuzuia hadharani. Sisi Watanzania tumelelewa kuona kwamba kuongea kilugha mbele ya watu ni kukosa adabu, kama si ukabila kabisa. Ukimsemesha mtoto Kihaya kwenye daladala, mama wa kiti cha nyuma anahisi anasengenywa. Adabu hiyo ina asili nzuri na siibezi. Ofisini au kwenye kikao mimi mwenyewe sivumilii watu wawili wakijitenga kwa lugha yao. Lakini mama na mtoto wake si kikao. Waliojenga umoja wa nchi hii kwa Kiswahili walikuwa na lugha nyingine nyumbani kwao. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikua na Kizanaki, Kiswahili kikaja baadaye, na hilo halikumzuia kuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Mgeni akiwepo, fanya hivi: mgeni mwambie kwa Kiswahili, mtoto kwa Kihaya, kisha mfasirie mgeni ulichomwambia mtoto. "Nimemwambia aje akusalimie." Mara ya tatu hakuna atakayeshtuka.

Kuanza. Mpaka sasa mtoto amekuzoea kwa Kiswahili, na ukibadilika ghafla asubuhi moja atakuona kama mama mwingine. Kwa hiyo usianze na siku nzima. Chagua kitendo kimoja mnachokifanya wawili kila siku, na kwa umri wake kuoga jioni ndiko kunakofaa zaidi, kwa kuwa maneno ni yaleyale, vitu viko mkononi, na hana pa kukimbilia. Pale bafuni iwe Kihaya tu: maji (amaizi), sabuni, mikono, miguu, geuka, inama, tumemaliza. Sema unachokifanya huku unakifanya. Siku za mwanzo atakukazia macho, pengine aseme "mama, sema vizuri". Cheka, endelea. Baada ya wiki mbili hivi ongeza kumvalisha na kumlaza, kisha chakula cha asubuhi, kisha safari za sokoni mkiwa wawili. Kufikia hapo utajikuta ni wewe unayeshangaa ukimtamkia Kiswahili.

Halafu kuna lile ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: ananijibu kwa Kiswahili. Hapo ndipo familia nyingi zinapoangukia. Mtafiti Elizabeth Lanza, aliyewafuatilia watoto wa Norwei waliokua na Kinorwei na Kiingereza, alionyesha kwamba mzazi ana njia kadhaa za kupokea jibu la lugha nyingine. Katika ncha moja mzazi anajifanya hakuelewa, na mtoto analazimika kujaribu tena. Katika ncha ya pili mzazi mwenyewe anahamia lugha ya mtoto. Katikati kuna kukisia kwa kuuliza, kuna kurudia alichosema mtoto kwa lugha unayoitaka, na kuna kuendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna lililotokea.

Tuichukue bafuni kwako. Umemuuliza kwa Kihaya anataka nini. Anajibu, "Maji." Ukimpa kopo huku ukisema "haya, maji haya hapa", amejifunza kwamba Kihaya ni mchezo wa mama tu na Kiswahili kinatosha. Ukinyamaza na kumpa, amejifunza hilohilo polepole. Sasa shika kopo, usimpe bado, uliza kwa sauti ya kupanda: "Amaizi?" Subiri. Wazazi wengi hawasubiri. Huhesabu moja na kujibu wenyewe. Mpe muda hata wa kupumua mara mbili tatu. Akisema "amaizi", au "maizi", au hata "mai", mpe mara moja na ufurahi. Akikataa, sema mwenyewe sentensi nzima kwa Kihaya na umpe, bila kununa. Lile la kujifanya huelewi kabisa silipendi kwa mtoto aliyeumia, anayelia au anayekuletea habari iliyomjaa moyoni. Hapo msikilize kwa lugha yoyote atakayokuja nayo, wewe umjibu kwa Kihaya. Usimwaibishe na usimlazimishe "kuongea Kihaya" mbele ya wageni kama anayeimba kwenye mahafali. Wengi huanza kuichukia lugha hapo.

Kuhusu Kihaya chako kuingiliwa: cha nani hakijaingiliwa? Tumia ulicho nacho. Neno "friji" na neno "chaja" yaache yalivyo. Ninalokuomba ulinde ni mifupa ya lugha, si orodha ya maneno. Kihaya hutenganisha ndani ya kitenzi jambo la leo, la jana na la zamani zaidi: kwa kitenzi cha kufunga, twakoma ni leo, tukomile ni jana, tukakoma ni kabla ya hapo. Wahaya wa mjini huanza kuutupa mgawanyo huo kwa kuwa Kiswahili hakiudai, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, nazo hulegea. Kila usiku kabla ya kulala mwambie mtoto mlichofanya leo, mlichofanya jana, na kitu kimoja ulichokifanya wewe ulipokuwa mdogo Muleba. Humo zamani zote tatu zimo. Ukikwama, mpigie mama yako palepale, mtoto akisikia. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umechapisha kamusi za lugha zetu kadhaa, Kihaya kikiwemo. Itafute moja uiweke nyumbani.

Vitabu vya watoto vya Kihaya ni adimu na redio zetu hazitangazi kwa lugha za makabila, tofauti na Kenya ambako Mkikuyu au Mjaluo akifungua redio anasikia lugha yake siku nzima. Lakini mna bahati ambayo Wasambaa hawana: ng'ambo ya mpaka, Uganda, Kinyankole ni jamaa wa karibu sana wa Kihaya, na kina vitabu na redio. Si Kihaya, ila hadithi ya picha unaweza kuichukua ukaisoma kwa Kihaya chako. Nyimbo zipo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliichezesha nchi nzima kwa Kihaya, watu wakiimba wasichokielewa. Usitegemee katuni. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wachanga wa Marekani wa miezi tisa walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyekaa nao, lakini waliotazama mtu huyohuyo kwenye video hawakujifunza. Bibi kwenye simu ya video ni habari nyingine, kwa sababu bibi anamjibu.

Na bibi ana kitu usichokipata dukani. Hadithi za Kihaya zina mwanzo wake: msimuliaji hutangaza kwamba alikuja akaona, na wasikilizaji humwitikia aone ili nao wapate kuona. Mfundishe binti yako kuitikia kabla hajaielewa hadithi. Mtoto mwenye zamu ya kuitikia hawezi kubaki msikilizaji bubu.

Tatizo lako kubwa ni saa. Kama unafanya kazi, mtu mwenye saa nyingi na mtoto wako ni dada wa kazi. Siku mtakapotafuta mwingine, mtafute kutoka kwenu, umweleze tangu mwanzo kwamba kumsemesha mtoto Kihaya ni sehemu ya kazi na inalipwa. Usipomweleza, atajitahidi kuongea Kiswahili cha mjini asionekane mshamba, na utakuwa umesafirisha Kihaya kutoka Kagera bure. Mtoto akifika miaka minne au mitano, likizo za Juni na Desemba mpeleke Muleba, kijijini si mjini, akae na binamu zake hata mwezi. Bibi humpa lugha, ila watoto wenzake ndio humfanya aihitaji. Chunguza lakini: siku hizi hata vijijini kuna nyumba ambazo watoto wanaongea Kiswahili kitupu.

Shuleni usitarajie msaada. Baadhi ya shule za Kiingereza katika Afrika Mashariki humwadhibu mtoto kwa Kiswahili chenyewe, sembuse Kihaya. Huenda mwalimu akakuita akushauri muongee Kiingereza nyumbani "ili azoee". Mjibu kwa upole kwamba Kiingereza ndicho unachokilipia ada pale. Nyumbani mtoto anahitaji lugha ambayo wewe unaweza kutania, kukemea, kubembeleza na kueleza kwa nini mwezi unatufuata. Kwa wengi wetu lugha hiyo si Kiingereza. Akianza shule atarudi na Kiswahili na Kiingereza kwa kasi, na Kihaya kitarudi nyuma kwa muda. Huo ndio mwaka ambao wengi huacha. Wewe usibadilishe chochote. Ikitokea akaelewa kila kitu bila kusema, bado amebeba mtaji: wa namna hiyo akipelekwa kijijini huanza kusema kwa haraka kuliko anayeanza na sifuri. Akija mdogo wake, weka sheria mapema kwamba mama anazungumza Kihaya na wote wawili, kwa sababu mkubwa atamletea mdogo Kiswahili cha shule, na mtoto wa pili mara nyingi ndiye anayeikosa lugha.

Kwa mama mkwe, naona unampinga mtu ambaye angeweza kuwa mwenzako. Ana Kisambaa, na hakuna aliyemwomba. Mwambie, "Mama, mimi nampa Kihaya, nawe naomba umpe Kisambaa, asije akafika Lushoto akawa mgeni." Mpigie simu jioni, umkabidhi mtoto, utoke chumbani. Mtoto hatazidiwa; pengine Kisambaa kitaishia kwenye salamu na nyimbo, na hilo linatosha kumaliza shauri la mjukuu kugeuzwa Mhaya.

Amebaki mumeo. Zungumza naye kabla hujaanza, si baada ya wiki tatu za kukaa mezani asijue mnacheka nini. Mwahidi kwamba mambo ya familia nzima yatabaki kwa Kiswahili, na kwamba ukimkanya mtoto kwa Kihaya utamwambia sababu. Atakuwa anasikia kila siku, na baada ya miezi kadhaa ataelewa kuliko anavyokiri. Akijaribu kumwita mtoto kwa Kihaya na toni ikaenda kombo, usimcheke mbele ya mtoto. Mcheke baadaye, mkiwa wawili.